Llywelyn na Wanawe Wawili

Llanrwst ni mji mdogo kando ya mto Conwy, kaskazini mwa Welisi. Kutoka Liverpool, nilikokuwa nikiishi wakati ule, unabadilisha treni Chester, unabadilisha tena Llandudno Junction, halafu unakaa dirisha la kulia ili uuone mto mpaka unaposhuka. Kanisa la Mtakatifu Grwst liko ukingoni kabisa mwa maji. Ubavuni mwake kuna kikanisa walichojijengea matajiri wa Gwydir, na humo ndani, sakafuni, pana jeneza la jiwe. Halina kifuniko na halina mtu. Ubavu wake umechongwa maduara yenye majani manne manne. Niliinama nikachungulia ndani kama mtu anayechungulia kisima.

Aliyelazwa humo alikuwa Llywelyn ab Iorwerth, mtawala wa Gwynedd, nchi ya kaskazini-magharibi mwa Welisi, aliyefariki tarehe 11 Aprili 1240. Wawelisi humwita Llywelyn Fawr, yaani Llywelyn Mkuu. Hiyo "ab" katikati ya jina lake ni "bin" yetu, na kwa mwanamke huwa "ferch", ambayo ni "binti". Herufi mbili za mwanzo zilinichosha siku nyingi, mpaka mama mmoja niliyefanya naye kazi, mzaliwa wa huko, akanifundisha: weka ulimi kama unataka kusema "la", kisha usiseme, pumulia pembeni.

Llywelyn alitawala kwa takriban miaka 40, akaifanya nchi ya watawala wenye kugombana isimame mbele ya wafalme wa Uingereza kama kitu kimoja. Vitabu humsifu kwa hilo na anastahili. Lakini kilichonipeleka Llanrwst ni mwanawe wa kwanza, Gruffudd, na swali ambalo baba yake alilijibu kwa namna iliyoiumiza nyumba yake kwa vizazi viwili: mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa ni mtoto, au si mtoto?

Kwetu swali hilo nililiona likijibiwa kwa macho yangu. Baba alikuwa na mwana kabla hajamwoa mama. Baba alipofariki, kaka huyo alisafiri usiku kucha kwa basi, akafika alfajiri, akawa ndiye anayehamisha viti kutoka kwa majirani na kutandika majamvi. Siku ya kikao cha ukoo, mzee mmoja alisoma majina ya warithi kutoka kwenye karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Jina la kaka halikuwamo. Hakusema kitu. Aliinuka, akaenda kuchota maji ya watu kunawa mikono. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa waliosomwa, na nilinyamaza. Kwa hiyo ninapoandika habari za Gruffudd naandika kutoka upande wa nduguye, yule aliyepewa.

Tuanze na babu, maana msiba wa nyumba ile ulikuwa wa kurithiwa. Owain Gwynedd, babu yake Llywelyn, alikuwa mtawala mkubwa aliyezaa na wanawake kadhaa. Mmoja wao, Cristin, alikuwa binamu yake wa karibu mno kwa sheria za kanisa, na kwa kukataa kumwacha mwanamke huyo, Owain akafa akiwa ametengwa na kanisa, mwaka 1170. Hata hivyo walimzika Bangor, ndani ya kanisa kuu. Kaburi halijapoa, wana wa Cristin, Dafydd na Rhodri, wakamwendea kaka yao wa baba mmoja, Hywel, wakamuua Pentraeth katika kisiwa cha Môn, ambacho Waingereza hukiita Anglesey. Hywel alikuwa mpiganaji na mshairi. Waliokufa wakimkinga hawakuwa ndugu zake wa damu. Walikuwa wana wa Cedifor, aliolelewa nao, kwa sababu Wawelisi walikuwa na desturi ya kuwapeleka watoto wa wakubwa walelewe na familia nyingine. Mmoja aliyesalia, Peryf, alitunga maombolezo, na ndani yake Cristin na wanawe wametajwa kwa majina. Nimekaa sana na picha hiyo: ndugu wa baba mmoja wameshika mikuki, na ndugu wa kulelewa pamoja wamesimama mbele yake kuizuia.

Baba yake Llywelyn, Iorwerth, alikuwa mmoja wa wana hao wa Owain. Jina lake la utani lilikuwa Drwyndwn, Pua Iliyovunjika. Alikufa Llywelyn akiwa bado mchanga. Mama yake, Marared binti Madog, alitoka nyumba ya watawala wa Powys, upande wa mashariki. Basi mtoto huyu alizaliwa karibu mwaka 1173, yatima wa baba, na waliokalia kiti cha babu yake ni baba zake wadogo wenye damu ya kaka yao mikononi. Mwaka 1194, kijana wa miaka ishirini na kitu, alimpiga baba yake mdogo Dafydd karibu na mlango wa mto Conwy. Mwaka 1199 aliteka ngome ya Mold. Mwaka 1201 mfalme wa Uingereza alifanya naye mkataba wa maandishi, na huo ndio wa kwanza wa aina yake uliobaki hadi leo kati ya mfalme wa Uingereza na mtawala wa Kiwelisi. Sitakaa kwenye vita vyake. Viko vingi, na ukivijua vinne umevijua vyote.

Kabla ya yote hayo alikuwa na mwanamke aliyeitwa Tangwystl, na kwa Tangwystl alipata mwana, Gruffudd, karibu mwaka 1196. Ndoa yao haikuwa ile iliyobarikiwa na kanisa. Lakini kwa watu wa Gwynedd jambo hilo halikuwa na uzito ambao sisi tungelipa. Walikuwa na sheria yao, inayobeba jina la mfalme wa zamani Hywel Dda, Hywel Mwema. Katika sheria hiyo ardhi ya baba hugawanywa kwa wana wote. Mdogo ndiye anayegawa, na wakubwa ndio wanaochagua, ili anayegawa asithubutu kupunja. Mdogo hubaki na boma la baba, na pamoja nalo sufuria kubwa, shoka la kuni na ule ulimi wa plau unaopasua udongo. Hata mtoto wa nje, baba akishamkubali, ana fungu lake. Waandishi wa sheria walijua kanisa linasema vingine, na waliandika wazi: sheria ya kanisa humpa urithi mwana mkubwa wa mke wa ndoa, bali sheria ya Hywel humpa mdogo sawa na mkubwa, na inahukumu kwamba dhambi ya baba isiwekwe juu ya mtoto katika haki yake ya urithi.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilikuwa kwenye basi la kwenda kazini. Nilishuka kituo kimoja baada ya changu.

Mwaka 1205 Llywelyn alimwoa Joan, ambaye Wawelisi humwita Siwan, binti ya John mfalme wa Uingereza. Kwa lugha ya siasa ilikuwa ndoa kubwa kupita zote alizoweza kupata. Na Joan mwenyewe, hili tulishike vizuri, alikuwa mtoto wa nje. Mfalme John alimzaa na mwanamke asiyekuwa mkewe. Bibi harusi aliyeletwa Gwynedd na bwana harusi mwenye mwana tayari, wote wawili walikuwa wanajua mtoto wa namna hiyo anavyotazamwa.

Uhusiano wa mkwe na baba mkwe haukudumu. Mwaka 1211 John aliingia Gwynedd na jeshi. Mara ya kwanza alishindwa na njaa: Wawelisi walihamisha mifugo na vyakula vyao milimani, na kule Degannwy yai moja likauzwa peni moja na nusu, askari wakala farasi wao. Mara ya pili alikuja amejiandaa. Akauchoma Bangor, akamkamata askofu ndani ya kanisa lake, na askofu akajikomboa kwa ndege wa kuwindia 200. Llywelyn alipoona hana pa kutokea, alimtuma mkewe. Joan, mwanamke wa miaka kama 20, akaenda kambini kwa baba yake kumwombea mumewe amani.

Aliipata, kwa bei kali. Llywelyn alipoteza ardhi yote ya mashariki ya mto Conwy. Kumbukumbu za Wawelisi zinataja ng'ombe 20,000 na farasi 40. Na alitakiwa kutoa watu wa kushikiliwa kama dhamana ya utii wake. Mmoja wao alikuwa Gruffudd, kijana wa miaka kama 15.

Mwaka uliofuata Llywelyn aliasi. Alikuwa na sababu zake, mfalme alikuwa akijenga ngome katika nchi yake, lakini aliasi huku mwanawe akiwa mikononi mwa mfalme. John alikuwa Nottingham habari zilipomfikia. Mwandishi mmoja wa monasteri anasema kabla hajagusa chakula aliamuru vijana 28 wa Kiwelisi waliokuwa wameshikiliwa wanyongwe. Gruffudd hakuwa miongoni mwao. Alibaki kizuizini mpaka mwaka 1215, wakati mabaroni wa Uingereza walipombana John kutia muhuri ule mkataba mashuhuri wa Magna Carta. Humo ndani, katika kifungu cha 58, mfalme anaahidi kumrudisha mara moja mwana wa Llywelyn. Watu hunukuu mkataba ule kwa mambo ya haki na mahakama. Mimi nikifika kifungu hicho huona kijana mmoja wa miaka 19, ambaye miaka minne alikuwa kila asubuhi anaamka bila kujua baba yake amefanya nini jana.

Alirudi nyumbani akakuta kuna mtoto mwingine. Dafydd, mwana wa Joan.

Sasa hapa nataka nimtendee haki Llywelyn. Mtu huyu alizaliwa kwenye nyumba ambamo ndugu waliuana juu ya urithi. Aliona Gwynedd ikikatwa vipande kila mtawala anapokufa, na kila kipande kikimwita mfalme wa Uingereza amsaidie dhidi ya kipande kingine. Alitaka kukomesha hilo. Mrithi mmoja, nchi moja. Na kati ya wana wawili, Dafydd alikuwa mjukuu wa mfalme na mpwa wa mfalme: John alipofariki mwaka 1216 na mwanawe Henry III kurithi kiti, mtoto huyo mfalme akawa mjomba wa Dafydd, kaka wa mama yake kwa baba. Kwa hesabu baridi uamuzi ulikuwa sahihi. Mwaka 1220 Waingereza walimtambua Dafydd kuwa mrithi. Mwaka 1222 Llywelyn akapata barua kutoka kwa Papa Honorius III ikithibitisha amri yake, na ikiiita ile desturi ya zamani ya Wawelisi kuwa ni ya kuchukiza, kwa sababu ilimfanya mwana wa mjakazi arithi sawa na mwana wa mwungwana.

Maneno hayo ya mjakazi na mwungwana yanatoka kwenye habari za Hajiri na Sara, Ishmaeli na Isaka. Sina haja ya kueleza yanavyouma. Tangwystl hakuwa mjakazi wa mtu. Aligeuzwa mjakazi kwenye karatasi, miaka zaidi ya 20 baada ya kumzaa mwanawe, ili hesabu itoke.

Kisha mwaka 1226 likaja hili ambalo bado linanikereketa. Papa yuleyule alitoa tamko kwamba Joan ahesabiwe mtoto halali. Doa la kuzaliwa nje ya ndoa liliweza kufutwa, basi. Lilikuwa linafutika kwa barua moja. Lilifutwa kwa mke na halikufutwa kwa mwana, na wote wawili walikula meza ya Llywelyn.

Gruffudd hakuwa mtu mpole, na siwezi kumpamba. Baba yake alimpa Meirionnydd na Ardudwy azitawale, akazitawala vibaya mpaka watu wakalia, na mwaka 1221 baba na mwana wakafika mahali pa kupanga majeshi, mmoja upande huu, mwingine upande ule. Watu wenye busara wakawaingilia wakapatana bila damu. Llywelyn alimnyang'anya Meirionnydd na kuanza kujenga humo ngome, Castell y Bere, ambayo magofu yake yako juu ya mwamba hadi leo. Mwaka 1228 alimfunga Gruffudd kule Degannwy, akamwacha ndani miaka sita. Ukijumlisha na ile minne ya John, mtu huyu alikuwa ameshakaa kizuizini miaka kumi kabla hajafikisha 40, na alikuwa bado hajamaliza.

Ndani ya miaka hiyo sita ndipo lilipotokea lile ambalo Wawelisi hawajaacha kulisimulia. William de Braose alikuwa bwana mkubwa wa mpakani, Mnormani, ambaye Wawelisi walimwita Gwilym Ddu, William Mweusi. Llywelyn alimteka vitani mwaka 1228. Akamweka kwake, wakaelewana, akamwachilia kwa fidia ya pauni 2,000 na kwa makubaliano kwamba Isabella, binti wa William, ataolewa na Dafydd, na ataleta ngome ya Builth kama mali ya arusi. Tayari walikuwa na udugu wa aina yake: Gwladus, binti wa Llywelyn, alikuwa ameolewa na baba yake William, kwa hiyo William alikuwa mtoto wa kambo wa binti wa mwenyeji wake. Mtu wa nyumbani, kwa ufupi.

Pasaka ya mwaka 1230 William alirudi kutembea. Usiku akakutwa chumbani kwa Llywelyn, pamoja na Joan.

Llywelyn alikuwa na miaka kama 57, Joan miaka kama 39. Walikuwa wameoana miaka 25. Yule mwanamke ndiye aliyekwenda kambini kumwombea amani, na ndiye aliyemwandikia Henry barua, ambayo ipo mpaka sasa, akimwita ndugu yake mpendwa na kumwambia jinsi anavyohuzunika kuona maadui wanapanda ugomvi kati yake na mume wake. Tarehe 2 Mei William akanyongwa hadharani, mchana, kwenye mti. Abati mmoja aliandika kwamba watu zaidi ya 800 walikuwepo. Bwana wa Kinormani wa hadhi ile hakutarajia kufa hivyo. Angetarajia upanga, au fidia nyingine.

Halafu Llywelyn akaandika barua, na barua hizo ndizo zinazonionyesha mtu huyu alikuwa wa namna gani. Alimwandikia Eva, mjane wa William, na kaka yake Eva, William Marshal. Alisema wakubwa wa nchi yake wasingekubali afanye vingine baada ya aibu ile. Kisha akauliza: je, ile ndoa ya watoto wetu bado ipo? Majuma machache tu baada ya kumnyonga baba wa bibi harusi. Na jibu lilikuwa ndiyo. Isabella aliolewa na Dafydd, akaingia katika nyumba iliyomtia baba yake kitanzi. Kuhusu binti huyo ningetamani tungekuwa hata na mstari mmoja alioutamka mwenyewe.

Joan alifungwa, na baada ya mwaka mmoja hivi Llywelyn akamrudisha. Akamrudishia na cheo chake. Inaelekea alimpenda. Joan alipofariki tarehe 2 Februari 1237, aliuvusha mwili wake mkono wa bahari hadi Llanfaes, ufukweni Môn, akawapa watawa wa Mtakatifu Fransisko mahali pa kujenga nyumba yao, kwa kumbukumbu yake. Watawala wa zama hizo walijenga nyumba za watawa kwa ajili ya roho zao wenyewe. Kumjengea mke ambaye nchi nzima ilijua alimkosea nini, hilo si jambo dogo, na kila nikilifikiria namheshimu zaidi.

Ila ndipo ninapokwama. Mke aliyekutwa na mwanamume chumbani alisamehewa ndani ya mwaka. Mwana, katika mwaka huohuo wa msamaha, alikuwa Degannwy, na alikuwa na miaka mingine mitatu ya kukaa humo. Moyo wa kusamehe Llywelyn alikuwa nao, tena mpana. Gruffudd hakuachwa ndani kwa sababu ya kosa. Aliachwa kwa sababu ya alivyozaliwa, maana kila alipokuwa huru alikuwa anamkumbusha kila mtu sheria ya zamani, na watu wengi wa Gwynedd walikuwa bado wanaiamini.

Mwaka 1237 Llywelyn alipatwa na kiharusi. Mwezi Oktoba 1238 watawala wa Welisi walikusanyika katika monasteri ya Strata Florida wakala kiapo cha uaminifu kwa Dafydd. Mzee alijiunga na watawa wa Aberconwy, akafa huko amevaa joho la utawa. Wana wawili wakabaki, na baba aliyekuwa kati yao hayupo.

Dafydd alimkamata Gruffudd pamoja na mwanawe Owain, akawafungia katika ngome ya Criccieth. Askofu Richard wa Bangor, aliyekuwa amempa Gruffudd ahadi ya usalama, alimtenga Dafydd na kanisa kwa hilo. Na mke wa Gruffudd, Senana, akafanya alichoweza. Tarehe 12 Agosti 1241 alikuwa Shrewsbury mbele ya Henry III, akiahidi marki 600, fedha ya zama zile, ili mumewe atolewe, na akiwatoa wanawe wawili wadogo, Dafydd na Rhodri, wawe dhamana. Mkataba ule upo, na jina lake limo. Yule aliyewahi kuwa mtoto wa dhamana, sasa watoto wake wanatolewa dhamana ili atoke.

Henry aliingia Gwynedd. Majira yale ya joto yalikuwa makavu, vinamasi vilivyozoea kuwalinda Wawelisi vikakauka, na Dafydd akasalimu amri upesi. Gruffudd akatolewa Criccieth. Akapelekwa Mnara wa London, akafungiwa huko. Mjomba alikuwa amegundua jambo: maadamu Gruffudd yuko mikononi mwake, mpwa wake Dafydd hawezi kufurukuta, kwa sababu wakati wowote anaweza kumwachilia kaka mtu.

Akakaa miaka miwili na nusu. Tarehe 1 Machi 1244, siku ya Mtakatifu Dafydd, ambayo ni sikukuu ya Wawelisi wote, alikata mashuka, mapazia na vitambaa vya meza, akavifunga pamoja akapata kamba, akatoka dirishani. Alikuwa mtu mzito. Kamba ilikatika. Mtawa Matthew Paris, aliyekuwa akiandika historia wakati huohuo kule St Albans, anasema walipomkuta asubuhi kichwa na shingo vilikuwa vimezama kati ya mabega. Alichora na picha pembeni mwa ukurasa: mnara, na mtu anaanguka kichwa chini, kamba imekatika. Mchoro ni mdogo, wa wino na rangi kidogo. Nimeutazama mara nyingi kuliko picha yoyote ya zama zile.

Yaliyofuata nayaeleza kwa haraka, kwa kuwa ndiyo yanayojulikana zaidi. Dafydd, aliyepewa kila kitu, alifariki Februari 1246 bila mtoto. Mrithi mmoja, nchi moja, na mrithi hakuacha mrithi. Nchi ikarudi kwa wana wa Gruffudd. Owain na Llywelyn walianza kwa kugawana, kisha wakapigana Bryn Derwin mwaka 1255, na Llywelyn akamfunga Owain kwa zaidi ya miaka 20. Mjukuu huyu mwenye jina la babu ndiye aliyetambuliwa na Henry kuwa Mwanamfalme wa Welisi mwaka 1267, na ndiye aliyeuawa tarehe 11 Desemba 1282 karibu na Builth, kichwa chake kikapelekwa London. Mdogo wake Dafydd, yule mtoto wa dhamana wa Senana, aliuawa kikatili Shrewsbury mwaka 1283. Gwenllian, binti pekee wa Llywelyn huyu, alichukuliwa akiwa mchanga na kupelekwa katika nyumba ya watawa ya Sempringham, mashariki mwa Uingereza, mbali na yeyote ambaye angemsemesha kwa lugha ya baba zake. Alifia huko mwaka 1337. Damu ya mzee ikaendelea kwa njia ambayo hakuna aliyeihesabu: kupitia kwa Gwladus, aliyeolewa mara ya pili na Ralph Mortimer, na kutoka kwake mpaka kwa wafalme wa Uingereza wenyewe.

Joan hakuachwa kwa amani Llanfaes. Watawa walipofukuzwa katika karne ya 16, jeneza linalohusishwa naye likageuzwa hori la kunyweshea farasi. Mwaka 1808 mwenye ardhi mmoja alilikomboa, na sasa liko kanisani Beaumaris na kibao kinachosikitikia lilivyotumika. Nilifika huko kwa basi kutoka Bangor. Ukingo wa jiwe umelainika.

Gruffudd alirudi. Mwaka 1248 maabati wawili, wa Strata Florida na wa Aberconwy, walimwomba Henry mwili wake wakapewa, wakauleta Aberconwy wakauzika. Dafydd alikuwa ameshazikwa palepale miaka miwili nyuma yake. Kwa hiyo kwa miaka 35 baba na wanawe wawili walilala chini ya paa moja, jambo ambalo hawakuliweza wakiwa hai. Kisha mwaka 1283 mfalme Edward I akapataka mahali pale kwa ngome yake na mji wake wa Conwy, akawahamishia watawa Maenan, upande wa juu wa mto. Jeneza la mzee likahamishwa nao, na monasteri ilipovunjwa likaishia Llanrwst. La wana hakuna anayeweza kukuonyesha.

Kabla sijatoka kanisani nilipiga picha nikamtumia kaka. Niliandika, "Shikamoo kaka." Nikaona ametulia kidogo, kisha akajibu: "Marahaba mdogo wangu. Hilo la nani?" Treni ilikuwa bado dakika arobaini. Nilikaa kwenye benchi kando ya mto, nikaanza kumwandikia, tangu Pentraeth.